Risala ya klabu ya biolojia kwa mgeni wetu wa heshima, Bukavu

Mheshimiwa dokta, bwana prefe, walimu wetu, wazazi mlioacha biashara Kadutu mkakuja, na ninyi wenzetu, jambo kwenu wote. Aksanti sana dokta kwa kuitika, tunajua wagonjwa wanakungoja.

Mwaka huu klabu ilichagua somo moja tu, wengine wakatucheka, eti hayo ni mambo ya Ulaya: namna seli inavyofanya ikiwekwa juu ya viunzi vya nyuzi, vile wataalamu wanatengeneza ili wakuze ngozi, mfupa ao neva ya kutibia mtu. Wanachukua plastiki inayoisha polepole mwilini, mfano polikaprolaktoni, wanaiyeyusha kwa dawa, wanaisukuma kwenye sindano iliyopigwa umeme wa maelfu ya volti, inatoka uzi ambao unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele mara mia. Wanahangaika hivyo juu seli nyingi mwilini zinaishi katikati ya nyuzi za kolajeni, ile protini inayoshikilia mwili, kioo tambarare cha labo hazikizoei.

Kilichotushika ni hiki, seli haikai tu bure. Inashika uzi kwa protini zinazoitwa integrini, inauvuta, na kwa kuvuta inajua kama ni mgumu ao laini. Nyuzi zikilala upande mmoja, seli nayo inarefuka na kufuata ule mstari, ndiyo maana wanaotafuta neva ao kano wanazipanga hivyo, zikiwa ovyo ovyo seli inatanuka kila upande. Ross Harrison wa Marekani alishaandika mambo hayo 1914, alikuwa anatumia utando wa buibui (na utando sisi tuko nao mwingi labo). Halafu 2006 mtafiti Engler na wenzake wakaonyesha, kwa jeli si kwa nyuzi, kwamba seli shina, ile ambayo bado inaweza kugeuka seli za aina nyingi, ikikaa juu ya kitu laini kama ubongo inaelekea kuwa kama neva, kigumu kidogo inaelekea msuli, kigumu zaidi inaelekea mfupa!

Lakini tusidanganyane, shida ziko. Nyuzi nyembamba zikibanana, matundu yanakuwa madogo kupita neti ya sambaza, wale samaki wadogo, seli zinajaa juu na ndani kunabaki kutupu. Ukinenepesha nyuzi matundu yanapanuka, ila sasa seli inajilaza juu ya uzi mmoja kama imelala sakafuni, mambo yanarudi palepale.

Mahitaji yetu dokta ni haya. Mikroskopu iko moja, kioo chake cha kuvuta mwanga kimepasuka, tunapanga mstari kwenye dirisha na wingu likipita kazi imekwisha. Tunaomba yenye taa, na slaidi. Tena tumesoma kwamba kwenye kovu kolajeni inalala upande mmoja, wakati kwenye ngozi isiyo na kovu imesukana, na klabu imegawanyika pande mbili kama kiunzi cha nyuzi kinaweza kuzuia hiyo kwa mtu aliyeungua moto. Wewe unafunga vidonda hivyo kila siku, tunaomba utujibu leo kabla hujapanda gari.