Makuta yako ya simenti

Mwanangu mpenzi,

Makuta uliyotuma, pesa za kununua simenti, yamefika. Simenti sikununua. Nimenunua chokaa, ile ya mawe yaliyochomwa upande wa Likasi, na mchanga wa mtoni, na yamebaki ya kumlipa fundi wa mabati. Najua mama yako alikuambia ukuta wa mbele wa nyumba ya nkambo wako, babu yako, unamomonyoka, ukataka tuupige plasta ngumu kabla ya mvua. Nia yako ni njema, lakini nyumba hii kesho itakuwa yako, kwa hiyo nisikilize.

Nilipoacha karakana na kuanza kufufua nyumba za zamani, ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya mjane mmoja hapa hapa Lubumbashi: matofali mekundu, baraza pana, dari juu kabisa. Niliipiga simenti kuanzia msingi hadi usawa wa kifua. Ikapendeza, mama wa watu akanipikia bukari na kuku. Misimu miwili ya mvua ikapita, akaniita. Niligonga plasta kwa kidole, ikalia kama mtungi mtupu. Nilipoibandua, nyuso za matofali zikatoka nayo, nyuma yake unga mwekundu uliolowa. Matofali hayo yalikuwa yamesimama tangu mji huu ukiitwa Elisabethville, na mimi ndiye niliyeyaharibu. Unga ule bado nauona kwenye kiganja changu.

Matofali yetu ya zamani, udongo wa kichuguu uliochomwa kwa kuni, hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutafuta pa kutokea. Chokaa ni laini kuliko tofali, basi unyevu hupumulia kwenye maungio kati ya matofali, na kinachochakaa ni maungio, ambayo utayajaza tena. Simenti ni ngumu kuliko tofali na inafunga njia. Maji hubaki ndani, chumvi yake inavimba, tofali linapasuka.

Hapa kwa nkambo nilikwangua kipande cha maungio nikakikamulia ndimu. Kikatoa povu, chiii. Hiyo ni chokaa. Ungekuwa udongo mtupu ungenyamaza. Mwezi wa sita nikachimba shimo nyuma ya mwembe, nikatia maji, kisha mawe ya chokaa kidogo kidogo. Maji yalichemka bila moto, watoto wa jirani niliwafukuza mbali. Tangu siku hiyo imelala chini ya magunia mabichi, na sasa ukiichota inateleza kama siagi. Tunachanganya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga. Maungio mabovu tunayachokonoa sentimita mbili, tunalowesha, tunajaza, tunafunika magunia yenye maji siku kadhaa. Chokaa hukauka taratibu, hewa ikiingia ndani yake, na jua la mwezi wa tisa likiiwahi haishiki.

Kusema kweli, ukuta haukuwa mgonjwa wa kwanza. Mfereji wa bati ulikuwa umetoboka pale pembeni, maji ya paa yakarukia matofali miaka mingi. Fundi anaushughulikia huo kwanza.

Majirani wawili wamebomoa nyumba zao wajenge etaji, yaani ghorofa, na kuna mtu amekuja kuniuliza bei ya lupango letu, kiwanja hiki. Nilimkaribisha barazani. Alikaa, akasema hapa kuna ubaridi mzuri. Sikumjibu kuhusu bei. Ubaridi huo unatoka kwenye dari iliyoinuliwa na vile vitundu vya hewa alivyovitoboa mjenzi juu ya kuta, ambavyo wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unachungulia ndege.

Ukija mwezi ujao, usibebe simenti. Lete shati la mikono mirefu na miwani ya kazi, chokaa inachoma ngozi na macho. Upande wa dirisha lako sijaugusa, nakungoja tuufanye wote.

Baba yako