Mitihani ya Jumamosi na watoto wa Kisabato

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mpondwe, Kasese, tena Mwislamu. Naandika kuwatetea Wasabato, ambao ni wengi huku kwetu milimani. Kila muhula nasikia kijana wao amekosa somo zima chuoni kwa kuwa mtihani umepangwa Jumamosi.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinakataza dini ya taifa, na cha 29 kinampa kila mtu haki ya kuabudu. Wanafunzi Wasabato wa Makerere walikwenda nayo mahakamani. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao. Nawaheshimu majaji. Lakini nikiambiwa kwamba ratiba ni moja kwa wote na hakuna anayependelewa, sikubali. Juma lenyewe limekwisha kupangwa kwa ajili ya Mkristo wa Jumapili: ofisi zimefungwa, madarasa matupu, wala hakumwomba mtu ruhusa. Sisi wa Ijumaa tunajibana katika saa ya chakula cha mchana. Msabato ndiye anayeambiwa achague, Mungu wake au shahada yake.

Naye haombi kusamehewa mtihani. Sabato huisha jua linapozama, na Kasese tuko kwenye ikweta. Mwaka mzima jua huzama karibu saa moja jioni. Akae na msimamizi tangu wenzake wanapoingia, bila simu, mzee wa kanisa lake akiwepo, giza likiingia apewe karatasi ile ile. Kinachohitajika ni chumba, taa na posho ya msimamizi.

Wapo wanaohofia kwamba kila dhehebu litadai siku yake. Miaka yote niliyofundisha nimesikia zikidaiwa tatu tu, na mbili kati ya hizo zina nafasi tayari.

Mwaka 1977 Idi Amin, mtu wa dini yangu, alipiga marufuku madhehebu mengi ya Kikristo, Wasabato wakiwemo. Nilikuwa kijana. Majirani zetu walisali ndani, milango imefungwa, na wazee wetu wa msikitini hawakusema neno. Mimi sitanyamaza.

Naliomba Baraza la Taifa la Elimu ya Juu liviandikie vyuo vyote, vya serikali na vya binafsi, kuhusu utaratibu huo wa jioni kabla ya mitihani ya muhula ujao.

Mwalimu mstaafu,
Mpondwe, Kasese