Baadhi ya wanawake wa Majengo waliambukizwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia. Ile habari yenu ya wanawake wa Majengo, Nairobi, wanaofanya biashara ya ngono, kwamba ni "wasioshikwa na VVU" kwa kuwa miili yao ina "askari wengi" wa kinga, imenishinda kuinyamazia.

Wiki jana dada mmoja aliingia chumba ninachotolea ushauri nasaha akiwa na ukurasa wenu, ameukunja mara nne hadi umechanika kwenye mikunjo. Mumewe anaishi na VVU na virusi vyake havijafubaa. Yeye kila akipima hana. Kumbe ana majuma matatu hajameza dawa za kujikinga. "Nami nina askari kama wa hawa," akaniambia, kidole kikiwa juu ya kichwa cha habari. Kipimo cha siku ile kilikuwa salama, lakini kipimo hakioni maambukizi ya juzi.

Mwandishi wenu alisimulia nusu. Ni kweli kwamba baadhi ya wanawake hao, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980, walikutwa na seli za CD8 (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa) zinazoitambua VVU, ilhali wenyewe hawana virusi. Lakini mwaka 2001 iliripotiwa kwamba wapo walioambukizwa baadaye, wengine wakiwa tayari na seli hizohizo, na hilo lilihusishwa na kupunguza kazi yao kwa muda. Mwaka 2007 majaribio ya chanjo iliyokusudiwa kuziamsha CD8 yakasitishwa, kwa kuwa haikukinga. Na hao "askari wengi" mliowarudia kila aya! VVU huingia kupitia seli za CD4, aina nyingine ya seli za kinga, na hustawi zaidi katika zile zilizoamshwa. Kwa baadhi ya wanawake wa Majengo kilichoonekana ni seli za CD4 zilizotulia. Askari waliochachamaa ndio milango yenyewe!

Tena, kwa nini "makahaba" kwa herufi nene? Wanawake hawa wametoa damu yao miaka na miaka ili sisi wengine tuelewe ugonjwa huu. Huyo ni mama wa mtu, nyanya wa mtu, na wajukuu wanajua kusoma.

Naomba masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na maneno "baadhi waliambukizwa baadaye" yawe kwenye sentensi ya kwanza. Chapisheni kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo. Dada yule anarudi kupima siku hiyo, nami nataka nimkabidhi ukurasa huo mkononi.

Mshauri nasaha