Fundi wa pikipiki alipwe kwa kupima, si kwa kubadilisha vipuri tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotugusa sisi tunaoendelea kutumia pikipiki za zamani, nalo ni namna hitilafu zake zinavyotafutwa, au niseme kwa usahihi zaidi, namna zisivyotafutwa.

Ninayo Honda CG125 ya volti 12 niliyoachiwa na marehemu baba. Injini yake haina mafumbo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani mwetu zina injini iliyoigwa kutoka kwake, kwa hiyo fundi yeyote anaifahamu na vipuri vinapatikana hata katika duka dogo la senta. Siku hizi naona kwamba wingi huo wa vipuri ndio uliotuponza, kwa sababu ambapo koili mpya, kifaa kinachokuza umeme wa cheche ya plagi, inapatikana hatua ishirini kutoka kwenye gereji, kubadilisha huwa rahisi kuliko kufikiri.

Mwaka jana ilianza kunisumbua kwa mambo mawili. La kwanza, kila nilipotoka Morogoro mjini kwenda Mgeta ilikuwa ikifika karibu na Mzumbe inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, kisha inazimika. Nikiiacha kando ya barabara kwa muda wa dakika kumi hivi, inawaka kwa kiki moja kana kwamba haikuwa na neno. La pili, honi ilikuwa imefifia hadi ikawa kama mlio wa nyuki ndani ya kopo, indiketa zilikuwa zinapepesa kwa uvivu, na taa ya breki haikuonekana mchana.

Fundi wa kwanza aliunganisha mambo hayo mawili akasema umeme hautoshi, akabadilisha plagi na betri. Wa pili akasema chombo kinachozimika kikipata moto na kuwaka kikipoa kina koili mbovu, basi tukanunua koili, na ilipoendelea kuzimika tukanunua CDI, kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche itoke lini. Wa tatu alisikiliza mlio wake mara moja tu, akanishauri ninunue kabureta nzima, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Kufikia hapo nilikuwa nimeshatumia zaidi ya shilingi 90,000, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametoa kifaa chochote cha kupimia mfukoni au kwenye sanduku lake. Siwalaumu kwa ujinga, maana hoja ya koili ni hoja ya kweli. Koili iliyochoka hufanya hivyo hivyo, ikipata joto nyuzi zake za ndani huachia, na ikipoa hurudi. Tatizo ni kwamba si koili peke yake inayofanya hivyo.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, mzee mstaafu aliyewahi kuwa fundi umeme wa kiwanda na ambaye hajawahi kumiliki pikipiki. Swali lake la kwanza halikuhusu umeme. Aliniuliza, "Kijana wangu, chombo hiki kiliguswa lini mara ya mwisho kabla hakijaanza kuugua?" Nikakumbuka kwamba miezi miwili kabla ya hapo niliipeleka ikapakwe rangi, chesisi na tangi. Akatikisa kichwa, akaniambia tuweke akiba ya jibu hilo.

Kisha akataka kujua cheche ya plagi inapata umeme wake wapi, nami sikujua. Akachomoa fyuzi ya betri, tukazima kila taa, akaniambia nipige kiki, na injini ikawaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika pikipiki kama yangu CDI hulishwa na koili nyingine, iliyo kwenye magineti, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, haiombi chochote kwenye betri. Betri ni ya honi, indiketa na taa ya breki. Kwa hiyo betri niliyouziwa ili kutibu injini inayozimika isingeweza kuitibu hata ingekuwa ya dhahabu. Naongeza tahadhari kwamba si pikipiki zote zilivyo hivyo. Ziko nyingi, hasa za miaka ya karibuni, ambazo CDI yake hutegemea betri, na kwa hizo betri dhaifu huleta kumisi kweli. Ndiyo maana swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kufungua pochi.

Tulikuwa, basi, na magonjwa mawili, wala si moja. Kwa la honi alitumia multimita ya bei nafuu, ile ya rangi ya njano inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Akanibonyezesha honi huku akipima: kwenye vichwa vya betri kulikuwa na volti 12.3, lakini kwenye honi yenyewe zilifika 9.8 tu. Volti mbili na nusu zilikuwa zimepotea njiani. Akaweka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini, nikabonyeza tena, mita ikasoma volti 2 na kidogo. Mahali hapo panapaswa kusomeka karibu na sifuri. Tulifuata waya wa kijani, ambao kwa Honda ndio ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, hadi chini ya tangi ulikofungwa kwa boliti kwenye chesisi, tukakuta boliti imekazwa juu ya rangi mpya inayong'aa. Rangi haipitishi umeme; ulikuwa ukipenya kwenye nyuzi za boliti kwa taabu. Tulikwangua hadi chuma kikaonekana, tukapaka grisi kidogo kuzuia kutu, tukakaza. Honi iliwashtua kuku wa jirani. Na chaji, ambayo awali haikuvuka volti 12.8 hata injini ikizunguka kwa kasi, ilipanda hadi 14.1, kwa kuwa umeme wa magineti nao hurudi kwa njia hiyo hiyo ya ethi.

Gharama yake ilikuwa kipande cha msasa.

Ugonjwa wa kuzimika ulitaka subira zaidi, na ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wanisikilize vizuri. Mzee alisema hitilafu inayokuja na kuondoka haipimwi gereji, bali pale inapotokea, na ndani ya dakika zile chache kabla haijaondoka. Tukaenda wote hadi ikazimika. Alikuwa na mambo mawili tu ya kutaka kujua: cheche ipo? Mafuta yapo? Tulichomoa plagi, tukairudisha kwenye kofia yake, tukaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, nikapiga kiki. Cheche ikaonekana, ya buluu na yenye nguvu. Koili na CDI zikaachiwa huru hapo hapo kando ya barabara. Tulipolegeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, injini ikiwa imeanza kupoa, yalitoka matone machache kisha yakakata, ingawa tangi lilikuwa limejaa. Mzee akafungua mfuniko wa tangi. Tulisikia hewa ikivutwa kwa mlio mrefu, na mafuta yakaanza kutiririka.

Tundu dogo la kupumulia kwenye mfuniko lilikuwa limezibwa na rangi. Mafuta yanaposhuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi hushikilia mafuta kama chupa iliyoinamishwa ndani ya maji. Ile dakika kumi ya kupumzika haikuwa ya kupoza koili, ilikuwa ya hewa kupenya polepole kwenye mpira wa mfuniko. Na kulikuwa na dalili niliyowaambia mafundi wote watatu wakaipuuza: pikipiki ilizimika mapema zaidi siku nilizojaza tangi. Koili haijui tangi lina lita ngapi. Lakini tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, hivyo mvuto hujengeka upesi.

Nimeeleza kwa kirefu si kwa kuwa kisa changu ni cha ajabu, bali kwa sababu nimejiuliza kwa nini mafundi watatu wenye uzoefu walipita pembeni ya jambo hilo, na jibu nililopata linaniangukia mimi pia. Hakuna siku niliyowahi kumlipa fundi kwa kupima. Nilimlipa kwa kipuri alichofunga na kazi ya kukifunga. Fundi akikaa saa nzima na mita kisha akaniambia kasoro ni boliti, nitampa shilingi elfu moja ya soda na kuondoka nikimwona mjanja. Akibadilisha CDI kwa dakika tano, namlipa bila manung'uniko. Kwa malipo ya namna hiyo, fundi anayepima anakula njaa, na kijana anayejifunza kwake anajifunza kununua.

Zaidi ya hapo, kila kipuri cha kubahatisha huongeza shaka. Koili yangu ya asili, ambayo huenda ilikuwa nzima, nilishaitupa, na badala yake ninayo ya bei rahisi ambayo sijui itadumu kiasi gani. Plagi ya zamani nayo ilitupwa kabla mtu hajaitazama, ilhali ncha yake ingetueleza mengi: ya kahawia hafifu ingesema mchanganyiko wa mafuta na hewa uko sawa, ya masizi makavu ingesema mafuta yamezidi au chujio la hewa limeziba, nyeupe ingesema mafuta ni haba.

Pendekezo langu kwa wenye gereji ni kutangaza bei ya kupima peke yake, iliyo wazi, inayolipwa hata kisipopatikana cha kubadilisha, na kwa sisi wateja ni kuilipa bila kinyongo na kudai turudishiwe vipuri vilivyotolewa. Pikipiki yangu bado ina kasoro moja, inataka choki kwa muda mrefu asubuhi za baridi, nami nashuku jeti ya mwendo mdogo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta injini ikizunguka polepole. Jumamosi nitaipeleka kwa yule fundi wa tatu, aliyetaka ninunue kabureta. Nimeshamwambia kwamba safari hii nitamlipa kwanza kwa kutazama.

Msomaji wenu,
Morogoro