Malalamiko ya maktaba kuhusu lebo za vitabu zinazofutika

Dawati la Kuazimisha Vitabu,
Maktaba ya Umma.

Desemba

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vifaa vya Maktaba na Ofisi,
Dar es Salaam.

YAH: LEBO ZA MISIMBOPAU (MISTARI INAYOSOMWA NA SKANA) MLIZOTUUZIA KUFUTIKA NDANI YA MWAKA MMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jibu lenu la mwisho tumelipata. Linasema bidhaa ilifika ikiwa nzima, kamati yetu ya mapokezi iliikagua na kusaini, hivyo hatuna cha kudai. Kweli kamati ilisaini. Siku ile mistari ya lebo ilikuwa myeusi, imenyooka, na skana ilisoma kila lebo tuliyoichomoa kwenye maboksi. Kamati hukagua kilicho mbele yake. Maandishi yatakayopotea baada ya miezi minane hayakaguliwi mlangoni.

Naandika tena, na safari hii kwa urefu, maana kila anayepokea simu yetu huko kwenu huishia kutuuliza kama tumejaribu kuzima skana na kuiwasha. Skana ni nzima. Inasoma misimbo ya pakiti za biskuti na za sabuni, inasoma ISBN, ile nambari ya utambulisho ya kitabu, iliyochapwa nyuma ya vitabu. Lebo zenu ndizo haizisomi.

Aliyetufumbua macho ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo. Alichukua lebo mpya kwenye roli iliyobaki, akaikwaruza kwa ukucha pale penye weupe. Ukucha ulipopita pakatokea mstari mweusi. Akasema hapa hakuna wino, hii ni karatasi ya joto. Ni aina ileile ya karatasi ya risiti za EFD, zile za mashine za kodi, ambazo kila mfanyabiashara wa nchi hii anajua azitoe kopi mapema, kabla hazijawa nyeupe na mkaguzi wa kodi anazitaka. Karatasi hiyo imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na kichwa cha printa chenye moto, basi. Hakuna kinachoongezwa juu yake. Ndiyo maana ni ya bei nafuu, na ndiyo maana inafaa kwa risiti, tiketi, na kifurushi kitakachofika kesho. Mwanga huifubaza, joto huitia weusi, na mafuta ya mikono huila taratibu.

Lebo ya kitabu huchapwa kwa njia nyingine, nanyi mnaijua, kwa kuwa ipo kwenye orodha yenu ya bei, mistari michache chini ya hii mliyotuletea: lebo ya poliesta, yaani ya plastiki, inayochapwa kwa utepe wa wino wa resini. Hapo printa huyeyusha wino kutoka kwenye utepe na kuugandisha juu ya lebo. Ni ghali zaidi. Tulijua ni ghali, na ndiyo tuliyoomba. Maelezo ya mahitaji tuliyoyaweka kwenye zabuni, ambayo bado yamo kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa yeyote mwenye ruhusa ya kuyasoma, yanataja lebo za kudumu kwa ajili ya vitabu vya kuazimisha, zisizofutika kwa kushikwashikwa. Bei mliyojaza ilikuwa ya lebo za kudumu. Mzigo mlioleta ni wa karatasi ya risiti.

Kisha kuna suala la selotepu, ambalo kwenye jibu lenu mmeliruka kabisa. Tulipowaarifu mara ya kwanza kwamba maandishi yanapauka, fundi wenu alitushauri kwa simu tufunike kila lebo kwa selotepu angavu. Tukanunua katoni nzima kwa fedha za matumizi ya ofisi, zilezile zinazotupatia sabuni na karatasi za choo. Watumishi wakawa wanabaki jioni baada ya kufunga, wakifunika. Lebo zilizofunikwa ndizo zilizotangulia kufutika! Gundi ya selotepu ya kawaida, na vilainishi vilivyomo kwenye plastiki ya kufunikia majalada, hushambulia karatasi ya joto. Hili si siri katika biashara yenu. Sasa tuna vitabu vyenye lebo nyeupe chini ya selotepu, na ukijaribu kuibandua inaondoka na rangi ya jalada.

Labda huko kwenu lebo ni kitu kidogo. Hapa kazi ya asubuhi yote inaitegemea. Kabla wasomaji wa magazeti hawajaingia, tunatoa vitabu kwenye sanduku la kurudishia na kuviondoa kwenye majina ya walioviazima. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyesimama na kikombe cha chai pembeni: skana inalia, kitabu kinaenda kwenye kitoroli. Siku hizi ni kazi ya wawili. Mmoja anafungua kitabu, anatafuta nyuma ya ukurasa wa jina nambari ya usajili iliyoandikwa kwa mkono, anaisoma kwa sauti. Mwenzake anaitafuta kwenye kompyuta. Nambari hizo ziliandikwa na waliotutangulia, kwa wino wa kawaida, pembeni ya muhuri wa mpira. Za miaka ya 1970 zinasomeka mpaka leo. Yaani kalamu ya duka la mtaani imewashinda.

Mtauliza kwa nini tusiingize kwenye kompyuta nambari iliyo chini ya mistari. Nayo ilitoka kwenye printa ileile, inafifia pamoja na mistari yake. Tena haiondoki yote kwa mpigo: 8 inabaki ikionekana 3, na 3 hiyo ni nambari halali ya kitabu kingine. Mwezi Septemba mwanafunzi wa kidato cha nne alirudisha riwaya yake. Kompyuta ikapokea kitabu kisicho chake, yeye akabaki na deni. Ujumbe wa kudaiwa ukawa unaingia kwenye simu ya mama yake. Mama akaja mwenyewe.

“Dada, mwanangu kitabu alikileta. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni namsubiri.”

“Pole mama, hebu twende rafuni tukaangalie.”

Kitabu kilikuwa mahali pake, kwenye 896.392. Mwenzetu aliyekuwa dawatini alimwomba mama yule radhi, na radhi hiyo ilipaswa kutoka kwenu.

Nimetaja 896.392 kwa makusudi. Hiyo ndiyo nambari ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa mada, na kwetu hakuna rafu inayoguswa kuliko hiyo. Kuanzia Septemba hadi mitihani ya kidato cha nne ya Novemba, vitabu vyake havilali. Kimoja kinapita mikono mingi kwa mwezi, kinaingia kwenye begi pamoja na daftari, chupa ya maji na ndizi. Rafu hiyo leo haina hata lebo moja inayosomeka. Vitabu vya marejeo, ambavyo havitoki nje na havishikwi ovyo, angalau baadhi bado vinasomeka.

Na haya yanatukuta tukiwa wachache. Mwenzetu mmoja alistaafu Juni na kibali cha kumpata mbadala hakijatoka. Mwingine yuko likizo ya uzazi, Mungu amjalie. Kwa hiyo mama wa sehemu ya watoto hushuka dawatini kusaidia, na sehemu yake hufungwa. Saa ya hadithi ya Jumamosi imesimama. Watoto huja, husukuma mlango, hurudi. Foleni ikizidi tunarudia mfumo wa Browne, ule tuliofundishwa chuoni kama historia: kadi ya kitabu inaingizwa kwenye kijifuko cha mwanachama, vijifuko vinapangwa kwa tarehe ya kurudisha. Vilikuwa stoo. Mlinzi wetu, mzee aliyeshuhudia vikiondolewa, ndiye aliyetuletea, huku akicheka, na sikumlaumu.

Kuhesabu vitabu kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, nisingependa hata kukueleza kwa kirefu. Kazi ya kupita na skana rafu kwa rafu iligeuka kuwa ya kusomeana nambari kwa sauti kama watoto wa chekechea. Vitabu hivi ni mali ya umma. Mkaguzi akiuliza kimoja kiko wapi hataki kusikia habari za karatasi ya joto.

Mmeandika kwamba tumeviweka vitabu katika mazingira yasiyofaa. Mazingira yenyewe ni jengo la maktaba katika mji wa pwani: madirisha yanafunguliwa, feni zinazunguka umeme ukiwepo, na jua la jioni linaingia upande wa magharibi. Mwakilishi wenu alikuja kuyaona kabla ya zabuni. Alikaa chini ya feni hizohizo, akasifia upepo wa bahari. Isitoshe, kitabu cha kuazimisha hakikai maktabani. Kinapanda daladala, kinalala mezani jikoni. Kimoja kilisahauliwa juu ya dashibodi ya gari, kikarudi lebo yake yote imekuwa nyeusi na mistari imezama humohumo. Kama bidhaa yenu haiwezi kutoka nje ya jengo, isingepaswa kuuzwa kwa maktaba inayoazimisha.

Mkasema pia tatizo huenda ni Koha, programu tunayotunzia rekodi za vitabu na kuazimisha, kwa kuwa ni programu ya bure. Koha ilianza kutumika kwenye maktaba za umma huko New Zealand Januari 2000 na inaendesha maktaba nyingi duniani hadi hivi tunavyoandikiana. Haina uwezo wa kufuta maandishi kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya jalada.

Kisha, badala ya jibu, ikaingia bei ya mfumo wa RFID, wa lebo zinazosomwa kwa mawimbi ya redio, ikiwa na maneno “suluhisho la kudumu kwa changamoto yenu”. Neno kudumu tulishalinunua kwenu mara moja.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi: mnunuzi akimweleza muuzaji bidhaa anaitakia kazi gani, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sisi tuliwaeleza kwa maandishi.

Tunachodai ni lebo zote 12,000 zibadilishwe kwa za poliesta zilizochapwa kwa utepe wa resini, kwa gharama yenu. Ziwe na nambari zilezile. Msituletee mfululizo mpya, kwani nambari mpya maana yake kila rekodi kwenye Koha ifunguliwe na kubadilishwa mojamoja, na watu wa kuifanya kazi hiyo hatuna. Faili ya nambari tutawapa sisi, ikiwa imepangwa kwa mpangilio wa rafu, ili lebo zitoke kwenye roli kwa kufuatana na vitabu vilivyosimama; mkiipanga upya kwa namna yenu mtatuachia kazi ya kutafuta kila lebo kwenye rundo. Kabla ya kuchapa zote, leteni sampuli. Tutaikwaruza, tutaifuta kwa kitambaa chenye maji na kingine chenye spiriti, tutaifunika selotepu, na tutaiacha kwenye dirisha la magharibi. Ikipita, chapeni. Anzeni na 896.392 pamoja na vitabu vya sekondari, vibandikwe kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Vibarua wa kubandika mtawalipa ninyi, na watafanya kazi chini ya usimamizi wetu. Pale ambapo lebo ya zamani ikibanduliwa itachana jalada, mpya ibandikwe juu yake, kwa hiyo iwe isiyoonyesha kilicho chini. Fedha za selotepu zirudi. Risiti imeambatishwa, na ni kopi, kwa sababu mnazozijua.

Sampuli ikiwa haijafika ndani ya siku 14 za kazi tangu mpokee barua hii, tutadai fedha yote ya mkataba, na suala litakwenda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho vyote. Viambatisho hivyo ni lebo ambayo haijatumika, lebo kumi zilizotoka kwenye vitabu, picha ya ile iliyogeuka nyeusi, na ukurasa wa maelezo ya mahitaji ya zabuni. Lebo ambayo haijatumika tumeiweka ili nanyi muikwaruze kwa ukucha.

Jibu lije kwa maandishi, likiwa na jina na cheo cha anayejibu. Simu hatutapokea tena kuhusu jambo hili.

Wenu katika kazi,

Mkutubi,
Dawati la Kuazimisha Vitabu.

Nakala:
Mkuu wa Maktaba
Kitengo cha Ununuzi na Ugavi
Mkaguzi wa Ndani