Ehyeh: ni "niko" au "nitakuwa"?

Mhariri salamu, Jumapili mhubiri wetu alikazia Kutoka 3:14, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO", akasema maana yake Mungu habadiliki, basi, akaishia hapo. Mi naomba turudi mistari miwili tu nyuma, 3:12, Mungu anamwambia Musa "nitakuwa pamoja nawe" na Kiebrania chake ni neno lilelile la 3:14, ehyeh! Huku watafsiri wametia -ta-, kule wakaweka niko. Umbo hilo la kitenzi halibebi -na- wala -ta- kama letu, wakati unaupata kwenye muktadha, kwa hiyo "nitakuwa nitakayekuwa" nayo ni tafsiri halali kabisa. Musa alikuwa anaogopa kwenda kwa Farao jamani, alihitaji ahadi! Wachapaji watuwekee hata tanbihi chini ya ukurasa.

Msomaji wenu, Morogoro