Kasi ya Intaneti Unayolipia Inaliwa na Nani?

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kuliko yote dukani kwetu Sinza ni ya mteja anayeamini kwamba amepunjwa. Analipia faiba ya nyumbani kila mwezi, tulimfungia ruta mpya, miezi miwili mitatu ya mwanzo mambo yakaenda vizuri, kisha ikawa kila ifikapo saa mbili usiku video zinakwama na kikao cha kazi kinakatika katikati. Anahitimisha kwamba kampuni inampunguzia kasi kwa siri, au kwamba sisi mafundi tulimuuzia kifaa kibovu. Mama mmoja wa Tabata alifika dukani ameshika ruta yake mkononi pamoja na waya wake wa umeme, akataka tumrudishie fedha zake zote. Hatukumlaumu, maana fedha iliyotoka mfukoni inauma, ila tulimwomba turudi naye nyumbani tukaangalie.

Tulipoiwasha ruta tulimwomba azime waifai kwenye kila kifaa cha nyumba yake: simu nne, televisheni moja na kompyuta mpakato ya binti yake. Tukakaa sebuleni tukiitazama taa ya waifai, nayo ikaendelea kupepesa bila kupumzika. Tukachomeka kompyuta yetu kwa waya, tukafungua ukurasa wa ruta kwa anwani ya 192.168.1.1, na katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa tukahesabu vifaa 13 ambavyo havikuwa vya mtu yeyote aliyekuwemo sebuleni. Mama akawa anasoma majina ya simu hizo kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka alipofika kwenye simu yenye jina la mpangaji wake wa uani. Hapo akanyamaza.

Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyevunja mlango wa mama huyu. Kuanzia Android 10, simu iliyokwisha kuunganishwa inaweza kutoa ile alama ya mraba yenye vidoti vyeusi, na mwenzako akiipiga picha tu anaingia bila kuambiwa neno la siri. Kijana wa kazi alimpa mpangaji, mpangaji akampa mgeni wake, na mgeni hakuwa na sababu ya kumnyima jirani. Isitoshe, neno lenyewe lilikuwa namba ya simu ya mama, kosa tunalolikuta karibu kila nyumba. Mtu mwenye nia mbaya akinasa mazungumzo ya ruta na simu wakati simu inajiunga, anaweza kwenda nayo nyumbani akakisia kwa kompyuta, bila wewe kuona dalili yoyote. Namba zetu zina tarakimu 10, na zile za mwanzo zinajulikana kwa kila mtandao, kwa hiyo zinazobaki kukisiwa ni 7 tu. Kwa kompyuta yenye nguvu hiyo ni kazi ndogo sana.

Sasa nije kwenye njia ya mkato inayotuumiza kichwa. Mteja akigundua kwamba ameingiliwa humwita fundi wa mtaani, ambaye kwa shilingi 5,000 huchoma pini kwenye kitundu cha nyuma ya ruta, akaishikilia kama sekunde 10, na kusema kazi imekwisha. Pini ile hairekebishi kitu, bali inafuta kila kitu. Jina na neno la siri la akaunti ambavyo kampuni iliviingiza siku ya kufunga vinaweza kupotea, na ukurasa wa ruta unarudi kwenye neno la siri la kiwandani, ambalo kwa ruta nyingi za zamani ni lile lile kwa kila aliyenunua aina hiyo. Bwana mmoja wa Kimara, anayefanyia kazi nyumbani, alikaa siku tatu bila intaneti kwa sababu karatasi ya akaunti haikuonekana. Mwisho alitulipa bei yetu kamili, juu ya ile 5,000 na mapato ya siku tatu.

Pini ile pia huirudisha WPS, ile huduma ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba 8 zilizobandikwa chini ya ruta. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba ruta huzihakiki namba hizo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile za mbele, kwa hiyo badala ya majaribio milioni 100 yanatosha 11,000. Ruta mpya nyingi huweka kizuizi baada ya majaribio kadhaa, lakini sisi huizima moja kwa moja.

Wapo pia wateja wanaojaribu wenyewe kwa kuficha jina la mtandao, au kwa kuorodhesha anwani za vifaa vinavyoruhusiwa, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Jina lililofichwa huonekana kwa programu za bure, na anwani ya kifaa inaweza kuigizwa. Tena simu za siku hizi hubadilisha anwani zao ili zisifuatiliwe, hivyo anayefungiwa nje mara nyingi ni mwenye nyumba. Tuliitwa Mbezi na kijana aliyekuwa ameorodhesha simu zote za familia kwa uangalifu mkubwa, kisha baba yake akanunua simu mpya na nyumba nzima ikaanza kulaumiana.

Tunaambiwa kwamba shilingi 40,000 tunazotoza ni nyingi kwa kubadilisha neno la siri. Kama kazi ingekuwa hiyo tu, tungekubaliana nanyi. Tunaanza kwa kunakili taarifa za akaunti na kumwachia mteja karatasi yake. Tunasasisha programu ya ruta, tunabadilisha neno la siri la ukurasa wenyewe, tunafunga njia ya kuuingia kutoka nje, na tunachagua WPA3, kinga mpya zaidi ya waifai, au WPA2, ile ya kabla yake, pale vifaa vya zamani vinapoikataa. Tunatunga neno la siri la waifai kwa maneno manne yasiyohusiana, kisha tunafungua mtandao wa wageni wenye kikomo cha kasi, ambao ndio utakaopewa wapangaji, vijana wa kazi na kamera za ukutani. Kinachokula muda ni kuunganisha upya kila kifaa, kwa sababu hatuondoki kabla televisheni, printa na kamera ya getini hazijafanya kazi mbele ya macho ya mwenyewe. Kazi nzima huchukua muda wa saa mbili, wakati mwingine tatu.

Si kila intaneti nzito imeibwa. Mara nyingine ni ruta iliyofichwa nyuma ya kabati au waya uliobanwa na mlango, na tukikuta hivyo tunatoza gharama ya kufika tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutupigia simu, zima waifai kwenye vifaa vyako vyote, utazame ile taa kwa dakika tano, kisha utuambie ulichokiona. Karatasi ya akaunti uliyopewa na kampuni iwe karibu. Na tafadhali, usiiguse pini.